Karamojo Bell, mwindaji wa tembo aliyekataa bunduki kubwa

KAPATA, Lualaba. Mtaa wa Kapata, pembeni mwa mji wa Kolwezi, ulijengwa wakati wa Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, na mpaka leo wakaaji wake wanategemea shaba na kobalti. Kila mtu hapa anajua kwamba shaba inakwenda kutengeneza nyaya za umeme. Wachache wanafikiri kwamba ganda la risasi ya bunduki nalo ni shaba: katika kila sehemu 100, kama 70 ni shaba na 30 ni zinki, madini ambayo Katanga imeyatoa pia, kule Kipushi.

Urefu na unene wa ganda hilo vimewagombanisha wawindaji kwa zaidi ya miaka 100. Kuna wanaoamini risasi ndefu za zamani zinazoitwa magnumu, neno la Kilatini lenye maana ya kubwa. Kuna pia wanaopendelea magnumu fupi na nene zilizoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo waliozitengeneza wanasema zinafanya kazi ileile ndani ya bunduki fupi na nyepesi.

Mtu mmoja aliyewinda Kenya, Uganda, Sudan na Kongo alikuwa na jibu lake miaka mingi kabla ya magnumu fupi kutengenezwa. Ni Walter Dalrymple Maitland Bell, raia wa Scotland aliyejulikana kwa jina la Karamojo Bell. Alipofariki mwaka 1954, hesabu yake ilikuwa tembo 1,011. Sehemu kubwa ya tembo hao aliwaua kwa risasi ndogo ya milimita 7, ambayo wawindaji wengi wa wakati wake waliona inafaa kwa swala tu.

Yatima aliyekimbia shule

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika familia tajiri yenye watoto wengi. Mama yake alifariki Bell akiwa bado mtoto mchanga wa miaka miwili, na baba yake akafuata alipofikisha miaka sita. Kaka zake wakubwa ndio waliomlea, lakini hawakuweza kumtuliza. Alitoroka shule zaidi ya moja, na akiwa na miaka 13 akaingia kazi ya meli.

Ndoto yake ilikuwa moja: kuwinda tembo Afrika. Akiwa na miaka 16 hivi alishuka bandari ya Mombasa, wakati Waingereza wanajenga reli ya kwenda Uganda. Simba walikuwa wanawasumbua wafanyakazi wa reli hiyo, na kijana Bell akapata kazi ya kuwapiga. Hakuwa na pesa za kugharamia msafara wa tembo, kwa hiyo aliondoka na kwenda kujaribu bahati yake mbali sana, kaskazini mwa Kanada, ambako watu walikuwa wanakimbilia dhahabu ya Klondike.

Huko hakupata dhahabu. Aliwinda nyama ya kuuza kwa wachimbaji wa mji wa Dawson, na mshirika wake akamlaghai sehemu kubwa ya mapato. Hadithi hiyo haitawashangaza wachimbaji wa Kapata: anayechimba na anayekula si lazima awe mtu mmoja. Ili arudi Afrika, Bell alijiandikisha katika jeshi la Kanada lililokuwa linapelekwa kwenye vita vya Makaburu, Afrika Kusini. Farasi wake alipigwa risasi, yeye akatekwa, kisha akatoroka na kurudi upande wa Waingereza. Vita vilipomalizika mwaka 1902, alibaki barani.

Kutoka Mumias mpaka Karamoja

Safari zake za kwanza za tembo zilianzia Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, kituo ambako misafara ya biashara ilikuwa inajipanga kabla ya kuelekea kaskazini. Bell alielekea Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nchi kavu ya wafugaji ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaishika sawasawa. Wafanyabiashara wa meno ya tembo kutoka pwani walikuwa wameshafika huko kabla yake. Jina la Karamojo alilipata kutokana na miaka aliyopita katika nchi hiyo.

Hakuwinda peke yake. Alikuwa na wabebaji mizigo, wapishi, walinzi wa kambi na wapelelezi wa njia. Aliyemtegemea kuliko wote huko Karamoja alikuwa Pyjale, mwenyeji wa eneo hilo, aliyejua kusoma nyayo na kujua kundi limelala wapi na linaelekea wapi. Bell alilipa habari za tembo kwa ng'ombe, na nyama aliwaachia wenyeji. Katika nchi ya wafugaji ambako ng'ombe ni mali, mahari na heshima, malipo hayo yalimfungulia njia nyingi kuliko vitisho.

Kwa hesabu yake mwenyewe, kila dume mmoja aliyempata alimgharimu mwendo wa maili 73 kwa wastani, sawa na kilomita 117 hivi. Kwa mtu anayetembea umbali huo chini ya jua, uzito wa bunduki si jambo dogo.

Gramu 11 dhidi ya gramu 48

Wakati ule, kanuni ya wawindaji wa Kizungu ilikuwa rahisi: mnyama mkubwa, risasi kubwa. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 Nitro Express, na nyingine kubwa zaidi zikafuata. James Sutherland, mwindaji mwingine maarufu wa tembo aliyeishi wakati mmoja na Bell, alipendelea .577 Nitro Express. Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 48 na zaidi, na bunduki yake ya mitutu miwili inafika kilo 6 hivi. Inapolia, inampiga mpigaji begani kama teke la punda.

Bell alichukua njia nyingine. Bunduki aliyoipenda zaidi ilikuwa ya komeo, iliyotengenezwa na Rigby kwa mtambo wa Mauser wa Ujerumani, nyepesi karibu nusu ya ile ya mitutu miwili. Risasi yake Wajerumani waliiita 7x57: kipenyo cha milimita 7, ganda la urefu wa milimita 57. Waingereza waliiita .275 Rigby. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Alitumia pia Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5, yenye ganda la milimita 54, risasi ya .303 ya jeshi la Uingereza, na .318 ya Westley Richards.

Siri yake ilikuwa ndani ya kichwa cha tembo. Bell aliwahi kupasua fuvu la tembo kwa msumeno wa watu wawili ili aone ubongo umekaa wapi. Alikuta ubongo mdogo ukilinganishwa na kichwa chenyewe, umejificha nyuma na chini, umezungukwa na mfupa mwepesi wenye matundu mengi kama sega la nyuki. Risasi ikigusa ubongo, tembo anaanguka palepale, iwe na gramu 11 au 48. Risasi ikikosa ubongo, hata ile kubwa inaweza kumwacha mnyama akiondoka na jeraha, au akimrudia aliyempiga.

Kwa hiyo swali la Bell lilikuwa risasi ipi inafika pale inapotakiwa. Alitumia vichwa virefu vilivyofunikwa chuma kigumu mpaka nchani, visivyofunguka wala kupinda ndani ya mfupa. Risasi nyembamba na ndefu ya namna hiyo inakwenda moja kwa moja na kupenya kina kirefu kuliko udogo wake unavyoonyesha. Alijifunza hata kumpiga tembo kwa pembe kutoka nyuma, risasi ikipita katika nyama ya shingo mpaka kwenye ubongo. Wawindaji bado wanaiita mbinu hiyo kwa jina lake.

Risasi ndogo ilikuwa na faida nyingine. Mlio wake haukuwa mkubwa, na mara nyingi kundi halikujua hatari inatoka upande gani. Bega halikuumia, kwa hiyo mkono haukuogopa kufyatua, na risasi ya pili ilikuwa tayari haraka. Bell alifanya mazoezi kila siku, mara nyingi kwa bunduki tupu, akilenga chochote kilichopita mbele yake. Bunduki yake aliibeba mwenyewe. Hakumwachia mbebaji.

Jambo la mwisho ni lile linalomweka katikati ya ubishi wa leo. Bunduki ya komeo inataka mkono urudishe komeo nyuma mpaka mwisho ili ganda tupu litoke na risasi mpya iingie. Ganda likiwa refu, komeo linasafiri mbali. Mtu mwenye hofu, tembo akiwa mita 15 mbele yake, anaweza kulivuta nusu, na bunduki ikabaki tupu au ikakwama. Bell aliona ganda fupi linapunguza kosa hilo.

Lado, ardhi ya Leopold

Historia ya Bell inaingia Kongo kupitia Lado. Mwaka 1894, Uingereza ilimkodisha mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Kongo wakati ule, ardhi iliyo magharibi mwa mto Nile. Leo sehemu zake ziko Uganda upande wa Arua na Sudan Kusini, na ukanda wa Mahagi umebaki kwetu, katika jimbo la Ituri. Mkataba ulisema Lado ingerudi mikononi mwa Waingereza wa Sudan baada ya kifo cha mfalme.

Eneo hilo lilijaa tembo, na vituo vya Wabelgiji vilikuwa vichache. Leopold alifariki Desemba 1909, na Juni 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan. Katika kipindi hicho cha utawala unaoondoka na mwingine ambao haujaingia, wawindaji kutoka Uganda, Kenya na kwingineko walivuka Nile na kuua tembo bila hesabu. Meno yalivushwa mto, na mwenye ardhi hakuulizwa.

Bell naye aliwinda Lado na akapata humo meno mengi. Baadaye aliingia maeneo mengine ya Kongo ya Wabelgiji na Kongo ya Wafaransa. Ilikuwa miaka ileile ambayo upande wa kusini, Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906 ilikuwa inajiandaa kuyeyusha shaba. Kiwanda cha Lubumbashi kilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Kaskazini zilitoka meno, kusini ikatoka shaba.

Tofauti ya Bell na wengi wa wakati wake ilikuwa daftari. Aliandika kila tembo aliyeua na risasi alizotumia. Daftari hizo ndizo zinazofanya jina lake liendelee kutajwa. Katika mambo ya uwindaji maneno ni mengi, lakini walioweka hesabu ni wachache. Karibu wote aliowaua walikuwa madume. Majike walikuwa 28.

Rubani, mchoraji, mwenye jahazi

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Bell alirudi Uingereza, akajifunza kurusha ndege na kuingia jeshi la anga. Alirudishwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani wa Tanganyika, akirusha ndege juu ya mapori aliyoyazoea kwa miguu. Baadaye alitumwa upande wa Ugiriki, na akapata nishani ya Military Cross.

Baada ya vita alimwoa Kate Soares, akafanya safari chache zaidi, moja kwa mtumbwi katika mito ya Afrika Magharibi na nyingine kwa magari kuelekea Chad. Kitabu chake cha kwanza kuhusu safari za tembo kilitoka mwaka 1923, kikiwa na michoro ya mkono wake mwenyewe. Kitabu cha safari za Karamoja kilifuata mwaka 1949. Aliishi kwenye shamba lake la Corriemoillie, kaskazini mwa Scotland, akiwinda paa wa milimani na kushindana kwa jahazi aliloliita Trenchemer.

Ndefu au fupi?

Watengenezaji wa risasi walikuwa wanaendelea kurefusha maganda. Holland & Holland ya London ilitoa .375 Magnum mwaka 1912, ganda la milimita 72 lenye mkanda kwenye kitako. Mkanda huo unaishika risasi mahali pake ndani ya mtutu, kwa sababu ganda lenyewe linapungua taratibu kuelekea mbele. Umbo hilo jembamba linateleza vizuri kutoka magazini mpaka kwenye chemba hata mkono ukiwa na haraka, na ndiyo sababu moja .375 imedumu zaidi ya karne. Winchester ya Marekani ikafuata mwaka 1963 na .300 Winchester Magnum, ganda la milimita 66 na nusu, nalo lenye mkanda.

Mwaka 2001 Winchester ileile ikatoa .300 nyingine, fupi. Ganda lina milimita 53, halina mkanda, na ni nene zaidi. Baruti inakaa kama ndani ya kopo pana badala ya bomba refu, na moto wa kiwashio unaifikia kwa usawa zaidi. Matokeo yake, kichwa cha gramu 11.7 kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde, karibu sawa na magnumu ndefu, kwa baruti kidogo zaidi. Mnyama aliyepigwa hawezi kutambua ipi ni ipi.

Kinachobadilika ni bunduki. Fupi inaingia katika mtambo mfupi, kwa hiyo bunduki inapungua uzito na komeo linasafiri umbali mdogo. Lakini bunduki nyepesi inapiga bega kwa nguvu zaidi. Ganda nene lenye mabega makali haliingii chemba kwa ulaini ule wa ganda refu, na magazini inabeba risasi chache. Vichwa virefu na vizito vinaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Kuna pia suala la duka: risasi za .375 na .300 ndefu zinapatikana sehemu nyingi za dunia, wakati baadhi ya magnumu fupi zilizotoka miaka ileile leo ni shida kuzipata.

Ukimweka Bell kati ya pande hizo mbili, haegemei moja kwa moja upande wowote. Ganda lake la milimita 57 lilikuwa fupi kama la magnumu za leo, lakini baruti yake ilikuwa kidogo sana kuliko yao. Alitaka ufupi kwa ajili ya komeo na wepesi. Nguvu ya ziada hakuiona kuwa ya lazima. Mwishoni mwa maisha yake aliisifu .308 Winchester, risasi ya kawaida isiyo magnumu iliyotoka mwaka 1952, yenye ganda la milimita 51.

Hata hivyo mfano wake umewaponza wengi. Waliochukua risasi ndogo bila kuchukua miaka yake ya kusoma mafuvu na nyayo walijeruhi tembo, na wengine waliuawa nao. Ndiyo maana nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa wanyama hatari zinadai .375 kama kiwango cha chini. Sheria hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, na Bell hakuwa mtu wa kawaida.

Hesabu iliyobaki

Bell alifariki kwa ugonjwa wa moyo Juni 1954, akiwa na miaka 73. Kitabu cha mwisho chenye jina lake kilitoka miaka sita baadaye. Bunduki zake zinatafutwa na wakusanyaji, na wawindaji wa Ulaya na Marekani wanamtaja kila ubishi wa risasi unapoanza.

Upande wa huku, hesabu inasomwa kwa namna nyingine. Tembo 1,011 waliuawa na mtu mmoja mwenye bunduki nyepesi, na meno yao yalikwenda kuuzwa mbali. Mwaka 1989 tembo wa Afrika aliwekwa kwenye orodha ya juu ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara ya meno ikapigwa marufuku duniani. Kongo ina sheria yake ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Lakini majangili wa leo hawabebi bunduki za Rigby. Wengi wanabeba Kalashnikov, yenye ganda la milimita 39 tu, fupi kuliko zote zilizotajwa hapa, na wanafidia ukosefu wa ujuzi kwa wingi wa risasi.

Kutoka Kapata, mahali pa karibu penye tembo wa porini ni upande wa hifadhi ya taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939 katika nchi ya mto Lualaba. Kundi lililosalia huko ni dogo, dogo kuliko hesabu iliyomo katika daftari za Bell peke yake. Walinzi wa hifadhi wanafuata nyayo za tembo hao kama Pyjale alivyozifuata Karamoja, safari hii ili wafike kwao kabla ya mwenye bunduki.